Baiskeli na Nyika Tuliyoipa Mgongo

Sisi watu wa mwambao tuna tabia moja ambayo haijasemwa vya kutosha katika ukurasa huu. Nyumba zetu, mashairi yetu na mazungumzo yetu ya barazani, vyote vimeelekea baharini. Mtu wa Mtwapa atakupambanulia kaskazi na kusi, atakutajia samaki kwa makumi, na siku za bamvua hazimpotei. Lakini mgeuze uso umwelekeze magharibi, kwenye vilima vya Ribe, Kambe, Jibana na Chonyi, kisha umwulize kuna nini huko. Atakujibu kwa neno moja: nyika.

Neno hilo lina historia, na historia yenyewe haipendezi. Waungwana wa miji ya pwani waliwaita jirani zao wa bara "Wanyika", na dharau ilikuwa imo humo humo ndani ya jina. Katika miaka ya 1940 wenyewe wakalitupa, wakajiita Mijikenda. Basi jina la watu limekwisha, alhamdulillahi, ila dharau ya mahali imebaki. Nyika kwetu ingali ni miba, nyoka na magunia ya makaa. Twaipita mbio ndani ya matatu, muziki umetuziba masikio, na tukifika Malindi twasema tumesafiri.

Dawa ninayoijua mimi ni baiskeli. Wala sisemi ile ya gia ishirini wanayokuja nayo wageni. Nasema hii hii nyeusi ya chuma tuiitayo Black Mamba, ambayo katika pwani hii imebeba mnazi, madafu, mitungi ya maji, mabibi harusi na wagonjwa. Anayekwenda kwa miguu huchoka kabla hajafika mbali. Anayekwenda kwa gari hufika kabla hajaona. Mwenye baiskeli yu katikati.

Na mahali pa kuipeleka papo. Baina ya Kilifi na Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia kwa pamoja katika Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali ya kikoloni mwaka 1932, ukaandikwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 1943. Kutoka Mtwapa hadi Gede ni karibu kilomita 90, nami simshauri mtu aziendeshe zote kwa pedali, maana madereva wa barabara kuu ile hawamjui mwenye baiskeli ila kwa honi. Ipandishe juu ya matatu, ufunge kamba vizuri, ushuke Gede. Hapo chukua mwenyeji wa kukuongoza. Hili si la hiari: msitu una tembo, na baiskeli, tofauti na gari, haina mlio wa kumpa habari kwamba waja. Mwongozaji akiona mavi mabichi njiani, mnasimama. Hakuna ubishi.

Aliyeuona msitu huo kutoka barabarani hudhani ni kitu kimoja, ukuta wa majani. Magurudumu ndiyo yatakayomfunza kwamba ni nchi tatu. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, wenye kivuli na miti mirefu, na baiskeli huenda bila taabu. Ukiingia katikati, mchanga waanza kuwa mweupe, na hapo mrihi ndio mtawala. Miti yake imeachana, mwanga washuka hadi chini, na gurudumu la mbele lazama kama lililotiwa ndani ya unga. Utashuka, utaikokota, utalaani kidogo. Halafu ghafla udongo wageuka mwekundu, mgumu. Miti yawa mifupi iliyosongamana hata huoni hatua kumi pembeni, na njia yaanza kupanda. Hiyo ndiyo nyika yenyewe ya wazee wetu, kichaka kisichokubali mtu apite ila kwa njia yake. Ukiendelea kupanda wafika Nyari, kwenye ukingo wa magharibi, ambako nchi imeinuka karibu mita 200 juu ya bahari. Geuka utazame ulikotoka: msitu wote chini yako, nyuma yake hori ya Mida, na nyuma ya hori, bahari. Kwa mara ya kwanza mtu wa pwani aiona bahari yake kwa jicho la Mgiriama.

Humo kwenye udongo mwekundu hukaa bundi mdogo asiyetimia shibiri moja. Wataalamu walimtambua mwaka 1965, na nje ya Kenya hajulikani kwingine ila chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Vitabu husema "aligunduliwa", kana kwamba Wagiriama walikuwa hawajapata kumsikia akilia usiku. Yumo pia sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga, ambaye mwenye baiskeli humwona mara nyingi akikatiza njia. Yumo mnana wa Clarke, ndege asiyekaa penginepo duniani nje ya sehemu hizi za Kilifi.

Jina la Arabuko nalo lafaa kusimamiwa kidogo. Wasanye, wawindaji wa kale wa nyika hii, lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kioromo, na humo tembo ni "arba". Wanaoeleza asili ya jina hulirudisha kwenye neno hilo. Maana yake ni kwamba kila kondakta anayepaza sauti "Arabuko! Arabuko!" anamwita tembo kwa lugha ambayo haijui.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Nimepata kuingia msituni pamoja na vijana watatu wa mjini, wazima, wasomi. Barabarani walikuwa wakitaja kila gari kwa jina lake na mwaka wake. Msituni kila kitu kikawa "mti". Mwongozaji akiwatajia mbambakofi wanacheka kwa utamu wa jina, na pengine milango na makabati ya nyumba za babu zao yamechongwa kwa mbao hizo hizo. Akiwaonyesha muhugu, ule uliokatwa miaka na miaka ili uwe twiga na vifaru vya kuuzia watalii, hawana neno. Lugha ya Kiswahili haiwezi kukaa hai kwa maneno ya bahari na ya mjini tu. Mti usio na jina mdomoni mwa mtu ni kuni, na atakayeukata hataona kwamba amekata kitu.

Tena kuna mambo ya baiskeli mbili. Ukingoni mwa msitu ile inkutayo na mtalii hupokewa kwa bashasha, na ile ya kijana wa kijijini hutazamwa kwanza keria yake, isije ikawa ina gunia. Simlaumu askari, magunia yapo, na mitego ipo, na bila yeye mbambakofi zingekuwa zimekwisha. Lakini kijana anayejua msitu kwa kukaguliwa tu hataupenda. Gede wametuonyesha njia nyingine: tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo huwanunulia wanavijiji mabuu ya vipepeo wanayoyafuga, nayo husafirishwa ng'ambo. Hao wana sababu ya kutaka miti isimame. Wanafunzi wa Mtwapa, Kikambala na Takaungu wana sababu gani?

Rai yangu kwa walimu wetu, wa shule na wa madrasa pia, ni hii: muhula mmoja, badala ya ile ziara ya kuzunguka Mombasa, wapelekwe watoto ishirini kwa baiskeli za kukodi au za kuazima, na mwongozaji wa Kigiriama mbele yao, na kila mmoja arudi na majina kumi ya miti, yaliyoandikwa kwa mkono wake, pamoja na matumizi yake. Ila makaya tuyaache nje ya mpango huu. Kaya ni mahali pa ibada na makaburi, huingiwa kwa idhini ya wazee, na kuwekwa kwake katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 hakukuyageuza kuwa uwanja wa kuendeshea baiskeli.

Masika yakiisha, mwezi wa Julai na Agosti, jua si kali na ule udongo mwekundu umeacha kunata kwenye magurudumu, wala haujawa vumbi. Tyubu ya akiba na pampu msisahau, maana miba ya nyika ni ile ile.