Manda ikiisha, iishe kweli



Maseneta wa 2007 walichaguliwa kwa miaka 5. Walikaa mpaka 2019. Miaka 12! Kifungu cha 105 cha Katiba ndicho kiliwakinga: manda ya seneta inaisha Senati mpya ikishawekwa. Na wenye kuchagua maseneta ni wabunge wa jimbo, ambao nao uchaguzi wao ulivutwa mpaka Desemba 2018. Glissement juu ya glissement.

Watatuambia: bila kifungu hicho, Senati ingebaki tupu. Lakini njia ingine iko. New South Wales, jimbo moja la Australia, baraza la juu la bunge lake lina watu 42. Kila miaka 4, wananchi wenyewe wanachagua 21. Wale 21 wengine wanabaki, zamu yao inakuja uchaguzi unaofuata. Kila mmoja ana miaka 8, basi. Nyumba haibaki tupu, na hakuna siku ambapo viti vyote vinauzwa kwa pamoja.

Kwetu, Machi 2019, harufu ya kura za kununuliwa ilizidi mpaka Rais akasimamisha kuwekwa kwa maseneta wapya. Kisha wakaingia tu.

Leo kuna wanaotaka kubadilisha Katiba. Tuwaulize: mbona 105 hamuigusi? Sisi tunadai seneta achaguliwe na mwananchi, nusu kwa nusu, tarehe iheshimiwe. Manda ikiisha, atoke, hata kama wa kumrithi hajafika.

Kiti si shamba la baba.