Presha Haikuja na Simu

Columbus, Ohio
Januari

Shangazi zangu, wajomba, kaka na dada wa Mazinde, nanyi mliohamia Korogwe mjini na Handeni,

 

Barua hii nimeiandika iwe ya wote, isomwe hata kwenye grupu la ukoo, maana jambo lenyewe si la nyumba moja. Mjomba alianguka, akalazwa, mkono na mguu wa kulia vikakataa, nami nikaja kuambiwa ameshatoka hospitali na ameanza kushika kijiko. Nilipouliza kwa nini sikuambiwa mapema, kila niliyempata alinijibu vilevile: "Tuliogopa na wewe huko utapata presha." Nilipouliza yeye imekuwaje, nikapewa jibu la ukoo uleule: alipigiwa simu, akaambiwa shamba limeuzwa, presha ikapanda, akaenda chini.

Aliyepiga simu hiyo naomba mumwache. Presha haikuja na simu. Simu iliikuta.

Nieleze ninavyoiona kazini. Natunza wazee, zamu ya usiku, na nikishavaa sare kazi ya kwanza ni kupima presha. Mtu yeyote akishtuka, presha hupanda: moyo huenda mbio, mishipa hubana, damu husukumwa kwa nguvu. Mwili uliumbwa hivyo ili ukikanyaga karibu na nyoka uweze kuruka kabla hujafikiri. Nyoka akishapita, presha hushuka yenyewe. Ya kuogopwa ni ile isiyoshuka, 140 kwa 90 na kuendelea, leo, kesho na mwakani, inayochakaza mishipa ya ubongo, moyo na figo na mwenyewe hasikii kitu. Haina homa wala kikohozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wanayo, na karibu nusu yao hawajui.

Mjomba alikuwa anajua. Aliandikiwa vidonge kitambo. Akawa anameza siku kichwa kikimuuma au akigombana na mtu, na mambo yakitulia anavirudisha juu ya kabati vikae akiba. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Alifuata tunachoamini sote: presha ni ya mawazo, kwa hiyo mawazo yakiondoka nayo imeondoka. Majani ya mlonge aliyokuwa akichemshiwa sina ugomvi nayo, anywe akipenda, ila hayachukui nafasi ya kidonge cha kila siku.

Nusu ya imani hiyo ni kweli, ndiyo maana inatushinda kuing'oa. Mawazo huuingia mwili kweli. Lakini yanayoumiza zaidi si ya siku ile simu ilipolia, bali yale ambayo mtu analala nayo na kuamka nayo mpaka ameyazoea, pamoja na kazi anayofanya, mahali anapoishi, anachokula na usingizi anaokosa.

Hili wazee wa Mazinde mngeweza kunifundisha mimi. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, hakuna nchi iliyotupita. Babu zetu wengine walikuwa hapahapa, wengine waliletwa kama manamba kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Burundi na Msumbiji, wakapangwa kambini wanaume watupu, mbali na wake na mashamba yao. Kila mtu na kipande chake: siku thelathini zikijazwa ndipo alipwe, na siku ambayo nyapara hakuitia alama ilikuwa imepotea, hata kama umekata mpaka mikono ikachanika. Nilipokuwa mdogo niliwasikia wazee wakisimulia kuhusu miba, nyoka, na vumbi la singa kule korona, kiwandani mkonge ulikochakatwa. Lakini walichokisimulia kwa uchungu kuliko vyote ni kwamba siku yako haikuwa yako.

Makarani wa serikali kule London hawakukata mkonge. Walikuwa na koti, dari na mshahara wa mwezi. Kuanzia mwaka 1967 watafiti waliwafuatilia wanaume hao zaidi ya 17,000, na Michael Marmot na wenzake walipotoa matokeo mwaka 1978 ilionekana kwamba watu wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wakubwa wao. Tungedhani bosi mwenye majukumu mengi ndiye angetangulia. Hata sigara na presha zilipotolewa kwenye hesabu, pengo halikuzibika. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 na kuwaingiza wanawake pia, uliona kitu ambacho mtu wa kambini angekitaja bila kupimwa damu: asiyekuwa na sauti juu ya kazi yake huugua zaidi.

Sasa nitazameni dada zangu wa sokoni Mombo na Korogwe. Nyapara wa leo anakuja siku ya marejesho. Mikopo ya kausha damu wanaijua wenyewe: unakopa kununua mtaji wa nyanya, wiki haijaisha unadaiwa, unakopa kwingine kulipa kule, na kitanda kinabebwa mbele ya watoto. Mwanamke huyo akija kupimwa akakutwa na 160, anaambiwa apunguze mawazo. Ayapunguzie wapi? Mimi naona kikundi cha akina mama cha kuwekeza na kukopeshana wenyewe, chenye riba wanayoipanga wao, ni dawa ya presha sawa na kidonge, na fedha nitakazotuma mwaka huu ningependa zianzie hapo kabla ya mchango wa harusi yoyote. Najua wapo watakaonuna.

Mahali napo pana sehemu yake. Wasambaa wa zamani waliiogopa nyika hii yetu ya chini. Mfalme alikaa Vugha, juu kwenye ubaridi, na watu wake walijua kwamba ukishuka na kulala bondeni unarudi na homa. Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, yeye alijenga Mazinde kwa sababu misafara ilipita hapa na bunduki zilipatikana hapa. Njia ya biashara ikamnenepesha yeye, homa na kutekwa vikabaki kwa watu. Wazee hao hawakuwa na darubini ya kuona vimelea vya malaria, lakini waliziweka mvua, njaa, utawala na afya katika kapu moja, wakasema nchi huponywa na nchi huharibiwa. Kuzifya shi, kubana shi: mwenye Kisambaa atamweleza asiyekijua.

Na huku nilipo? Mnaponiona kwenye picha nimesimama kwenye theluji mnasema nimenawiri. Nimeongezeka uzito, ni kweli. Desemba jua la Columbus hutoka karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na moja jioni. Mtu wa zamu ya usiku kama mimi analala mchana huo mfupi pazia likiwa chini, anaamka gizani, anaendesha gari gizani. Wengi tunakula cha kununua, chumvi tele, kwenye kiti cha gari. Kutoka kitandani hadi kazini sitembei hatua ambazo huko nyumbani ningezimaliza kabla ya kuteka maji. Majirani unawajua kwa magari yao. Kuna majira nilikuwa naamka kifua kimebana na sitaki kuongea na mtu, nikadhani ni uchovu, mpaka daktari akaniambia ni sonona, na kwamba maumivu ya mgongo niliyomwendea yalikuwa mlango wake tu.

Mwili kubadilika kwa kuhama hakukuanza na sisi wa ng'ambo. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki. Presha za waliohama zilikuwa juu, na hazikungoja uzee: tofauti ilionekana mapema, katika miezi ya mwanzo. Walikuwa wakila chumvi zaidi na vyakula vya shamba kidogo, uzito ulipanda, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi. Hao walikuwa wamepanda basi tu. Hebu wafikirieni vijana wetu waliotoka Handeni kwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda, usingizi saa nne kwa siku na mmiliki anasubiri hesabu yake jioni.

Nitoke pembeni kidogo. Marekani hii nimewakuta Wazigua. Si waliokuja kwa viza, ni wa Somalia: mababu zao walitoka pande za Handeni katika njaa ya miaka ya 1830, wakavushwa bahari na kuuzwa, wakatoroka na kujilimia kando ya mto Juba. Vita vya 1991 viliwatoa tena. Wengine walirudi Handeni, na mnawafahamu wa Chogo. Wengine maelfu waliletwa Marekani kuanzia 2003. Mama mmoja mtu mzima aliniamkia kwa Kizigua kilichonirudisha kwa bibi. Tulipozoeana akanieleza kwamba miaka yake ya kwanza hapa alikuwa haugui kitu kinachoonekana kwenye vipimo, lakini kichwa hakikuacha kuuma na usingizi hakuuona. Kilichomtoa humo, kwa kauli yake, ni kipande cha ardhi ambacho yeye na wenzake walipewa wakalima mahindi na mboga. Vidonge pia alipewa na anavimeza. Hakuona sababu ya kuchagua kimoja.

Kwa hiyo nashangaa tunavyomfanyia kijana wetu, yule mnayemjua nyote, ambaye tangu mwaka juzi anaongea peke yake na sasa mnamfungia ndani. Mmeshamzungusha kwa waganga. Juu yetu, milimani, ndani ya wilaya yetu ya Korogwe, iko Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kulea watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, kabla ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa 1927. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza za namna hiyo Afrika Mashariki. Leo ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Mgonjwa hupewa dawa, na anayeweza hushika kazi: chai, bustani, kazi za mikono. Sisemi wamisionari wale walikuwa malaika. Kazi waliipenda hata kwa wasio wagonjwa. Lakini hewa, kazi yenye kipimo, chakula kwa saa yake na watu wa kukaa nao ni vitu ambavyo chumba kilichofungwa kwa nje hakina. Kaka yangu mkubwa ampeleke. Gharama tutagawana, nianzie mimi.

Naomba pia muache kunificha. Mnadhani mnanikinga, kumbe mnanikosesha usingizi kabisa. Tangu habari ya mjomba, kila salamu ya "huku wote wazima" naipekua kutafuta aliyelazwa. Habari nikiambiwa siku hiyohiyo nitalia, nitaomba ruhusa, nitatuma ninachoweza, kesho nitakwenda kazini. Nikiambiwa baada ya mwezi, mwezi mzima uliopita unanigeukia. Saa mbili asubuhi ya Mazinde kwa majira haya ni saa sita usiku hapa, niko macho.

Mashine ya kupimia presha itafika mwezi ujao na jirani yetu anayekuja kusalimia. Ikae kwa shangazi mkubwa, na binti aliye kidato cha tatu ashike daftari. Anayepimwa asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Akae dakika tano mgongo umeegemea, miguu chini, asiongee, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Namba ziandikwe zote mbili, hata zikiwa nzuri, na za mjomba zipimwe kila asubuhi kabla ya kidonge. Kidonge ameze, ameamka na furaha au ameamka na deni. Ng'onda alowekwe na maji yamwagwe, maana chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, na samaki yule peke yake anaweza kuimaliza.

Mtu akionekana mdomo umeenda upande, au mkono umelegea, au maneno hayaeleweki, msimpake mafuta na msimlaze kwanza aone kama itaisha. Tazameni saa, mkumbuke ilianza lini, maana daktari atauliza. Tafuteni gari moja kwa moja hadi Magunga pale Korogwe. Nauli dereva aidai kwangu, nitaituma usiku huohuo.

Ni mimi, binti yenu,
Columbus