Miguu Ilipovimba

Baada ya darsa ya Alhamisi alitujia mama wa makamo, akatueleza kwa haya kwamba viatu vyake havimwingii tena. Alikuwa akimeza amlodipini ya miligramu 10 kwa ajili ya shinikizo la damu. Alipoona miguu imevimba alidhani figo zimeharibika, akaiacha dawa kimya kimya. Ilikuwa wiki ya pili, na hata mumewe hajui.

Dawa za jamii hii huizuia kalsiamu isiingie kwa wingi katika misuli ya mishipa ya damu. Mishipa hulegea, presha ikashuka, na maji kidogo huchuja yakatuama vifundoni. Mara nyingi si figo. Daktari aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Ila uvimbe ukiandamana na pumzi kukatika, au ukiwa mguu mmoja tu, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuacha ndiko kunakotutia hofu, maana presha haiumi, na kiharusi hakibishi hodi.

Tumeulizwa pia juu ya Ramadhani. Amlodipini humezwa mara moja kwa siku, basi kwa shauri la daktari yaweza kupangwa wakati wa futari au daku. Aliyesahau asimeze viwili pamoja. Nifedipini ya kuyeyuka polepole imezwe nzima, isitafunwe wala isisagwe.

Mama yule alikwenda zahanati Jumamosi, safari hii pamoja na mumewe. Amerudishiwa dawa, miligramu 5.