Ramani ya Jeni si Sera ya Kilimo

Kila watafiti wanapotangaza kuwa wamegundua mahali ilipo jeni inayoukinga mpunga dhidi ya wadudu, wanasiasa hushangilia kana kwamba vita vimekwisha. Siubezi uchoraji wa ramani za jeni. Ni kazi ya kisomi iliyotukuka. Ninachokipinga ni uvivu wa kuigeuza ramani hiyo kuwa sera ya kilimo.

Historia ya Asia inatosha kutuonya. Mwaka 1973 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), iliyoko Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR26 yenye jeni Bph1. Jeni hiyo ilimkinza Nilaparvata lugens, mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye utomvu wa shina hadi shamba likauke kama lililopitiwa na moto. Mbegu hiyo ikaenezwa mabonde kwa mabonde. Katika miaka michache tu, wadudu walioweza kuihimili wakazaana, na kinga ikavunjika.

Kosa halikuwa la jeni. Lilikuwa la watawala walioamini mbegu moja na dawa nyingi. Indonesia ilitoa ruzuku kwa viuatilifu. Wakulima wakapulizia, na buibui wanaowala wadudu hao wakaangamia. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika mashamba ya mpunga. Nafuu hiyo ililetwa na uamuzi wa kisiasa, si na jeni mpya.

Tena tujiulize: jeni hizi zatoka wapi? Bph1 ilipatikana katika Mudgo, mbegu ya India. Bph3, ambayo watafiti waliitenga mwaka 2015, ilitoka katika Rathu Heenati, mbegu ya jadi ya Sri Lanka. Wakulima walizihifadhi mbegu hizo kabla maabara haijajua thamani yake. Leo serikali ile ile inayosifu ramani ndiyo inayomwambia mkulima azitupe mbegu za babu yake kwa kuwa "zimepitwa na wakati". Wahenga walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi tudai sera, si shangwe. Jeni za kinga zichanganywe, mbegu za aina mbalimbali zipandwe, viuatilifu vidhibitiwe, na mkulima anayehifadhi mbegu za asili alipwe kama mtafiti. Mdudu hasomi majarida yetu; yeye huzaana tu.