Nani Alichukua Vitanda vya Treni?

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Kitale sasa yuko Ufini kwa masomo. Mwezi wa nane alinitumia picha za safari yake. Alipanda treni Hamburg jioni, akaonyeshwa kitanda chenye shuka na taa ndogo ya kusomea, akaamka akiwa Uswidi. Akazurura Stockholm mchana kutwa. Usiku wa pili akapanda meli, akalala tena, akaamka Turku. Nchi nne, usiku mbili, na mgongo hauna shida. Chini ya picha ya kitanda aliandika: "Buda, huku mtu anasafiri akiwa amelala."

Picha hizo zilinipata nikiwa steji ya Bungoma, saa mbili usiku, nikimsindikiza kukhu wangu kwenda kliniki Nairobi. Ana miaka 78 na magoti yake hayakunjiki vizuri. Makanga alikuwa anamwambia, "Mama, songa kidogo, hapa ni watu wanne." Kiti kilikuwa cha watu watatu. Nikaweka simu mfukoni.

Sikuona wivu. Niliona hasira, na hadi leo haijanitoka. Kwa sababu safari ile ya rafiki yangu, treni usiku mmoja na meli usiku unaofuata, si ya Ulaya peke yake wala si maajabu ya Wazungu. Ilikuwa hapa kwetu. Watu wazima walio hai leo waliisafiri. Kisha ikachukuliwa, na sisi tukafunzwa kuiona kama kitu cha watalii.

Hebu tuanze na reli yenyewe. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Kufikia hapo, meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa tayari majini. Iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa upya ufuoni. Baadaye reli nyingine ikatoka Nakuru, ikapanda Timboroa, ikafika Eldoret 1924, ikateremka Turbo, Lugari, Webuye na Bungoma, na kufikia 1931 ilikuwa imefika Kampala. Mwaka 1926 tawi lililochepukia Leseru lilipita Moi's Bridge, enzi hizo ikiitwa Hoey's Bridge, likaishia Kitale.

Mwaka 1948 likaundwa shirika moja la nchi tatu, East African Railways and Harbours. Shirika hilo hilo lilikuwa na treni na meli za ziwani. Meli yake ya Victoria ilianza kazi 1961 na ilizunguka ziwa zima: Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Ungelala kwenye treni kutoka Nairobi, uamke Kisumu, ule samaki wako mchana, kisha ulale kwenye meli na uamke nchi nyingine. Ile ile ya Hamburg na Turku, tena bila baridi.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba enzi hizo zilikuwa tamu. Reli ya Kitale haikujengwa kwa ajili ya babu zetu. Ilijengwa ili mahindi na ngano ya masetla wa Trans Nzoia yafike bandarini. Na ndani ya mabehewa kila rangi ilijua mahali pake: daraja la kwanza Mzungu, la pili Mhindi, la tatu Mwafrika, na la tatu lilikuwa benchi la mbao. Babu alibeba mzigo wa reli, akalipa kodi ya reli, kisha akaketi wima hadi asubuhi huku wengine wakikoroma kwenye vitanda mabehewa mawili mbele.

Lakini uhuru ulipokuja, kitu kimoja kilibadilika kweli kweli. Sasa aliyeamua nani alale ni mfuko, si ngozi. Karani, mwalimu, nesi, fundi wa reli, hawa wangeweza kukaza mshipi na kulipia daraja la pili. Kuka alikuwa akifanya kazi ya reli na kuishi Muthurwa, na kukhu alikuwa akitoka Bungoma kwenda kumwona akiwa na jogoo kapuni. Miaka ya kwanza alikaa kwenye benchi. Kisha kuka akapandishwa cheo, na safari moja akamlipia kitanda. Kukhu bado anaisimulia. Alitandikiwa na mtu aliyevaa sare. Hakulala, anasema, alikesha akisikiliza magurudumu na kushangaa kwamba shuka ile ni yake hadi asubuhi.

Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Miaka sitini na kitu tulikalia benchi. Zamu yetu ya kulala ilipofika, vitanda vikaondolewa.

Nani aliviondoa? Mikono ni mingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mali ikagawanywa kama vyombo vya watu walioachana: meli ya Victoria ikaenda Tanzania, Uhuru ya kubeba mabehewa ikabaki Kenya. Kisha ukaja uzembe wa miaka mingi, ule wa kutoweka grisi, kutobadilisha mataruma, kuacha nyasi zimeze njia. Mwaka 2006 reli ikakabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ukavunjwa 2017, kabla haujafika hata nusu. Katikati ya hayo yote, treni ya abiria ya huku kwetu ilichelewa, ikapungua, ikakoma. Mimi nimekulia kati ya Bungoma na Kitale, na maishani mwangu sijawahi kuona mtu akishuka treni na begi lake kwenye stesheni yoyote kati ya hizo mbili.

Halafu ikaja SGR. Mei 2017 tukapigwa picha Mombasa. Oktoba 2019 reli ikafika Suswa, ikasimama pale kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Mpango wa kuiendeleza ni Kisumu, kisha Malaba. Eldoret haimo. Kitale haimo. Tunaambiwa tushangilie maendeleo yanayotupita kwa mbali.

Lakini subiri, kuna jambo baya zaidi. Kwa sababu SGR ilikwama Suswa, mizigo ya Uganda ilihitaji njia ya kuendelea. Basi reli ya zamani, kutoka Longonot hadi Malaba, kilomita 465, ikakarabatiwa. Ndiyo, ile ile inayopita Turbo, Lugari, Webuye na Bungoma. Kumbe inawezekana! Kumbe pesa zilikuwepo, mafundi walikuwepo, kokoto zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kutuona sisi kama mzigo wenye thamani. Kontena la vigae linapita Bungoma kwa treni, limelala chali, limetulia. Kukhu anapita barabarani, wanne kwenye kiti cha watatu.

Na barabara hiyo tunaijua. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa, barabara ya Nakuru–Eldoret, watu 36 wakafa. Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi usiku kuelekea Kakamega lilianguka Fort Ternan, zaidi ya watu 50 wakafa kabla jua halijachomoza. Salgaa, Sachangwan, Kamukuywa: mtoto wa huku hujifunza majina haya kwenye matangazo ya vifo kabla hajayaona kwenye ramani. Ukisafiri usiku, mama yako halali mpaka umpigie simu umwambie umefika.

Serikali ilijibuje baada ya Migaa? Ilipiga marufuku magari ya abiria kusafiri usiku. Kwa muda, basi. Yaani jawabu la watu kufa njiani usiku lilikuwa kuwaambia watu wasisafiri usiku. Hakuna aliyesimama akauliza: kwa nini hawa watu wanasafiri usiku? Wanasafiri usiku kwa sababu kliniki ni saa mbili asubuhi. Kwa sababu intavyuu ni saa tatu. Kwa sababu bosi hatoi ruhusa ya siku mbili, na lojing'i ya Nairobi ni pesa ya chakula cha wiki. Usiku ndio muda pekee ambao mtu wa kawaida anaumiliki. Huwezi kuupiga marufuku. Unaweza tu kuufanya uwe salama, na chombo cha kuufanya salama kiligunduliwa zamani, nacho kina vitanda.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimebishana na nyinyi kwenye vibanda vya chai Kitale na Bungoma.

Mtasema treni ni polepole. Kweli. Treni ya Nairobi–Kisumu iliyorudishwa Desemba 2021 ilichukua kama saa kumi na mbili. Lakini hesabu ya saa ni ya mtu aliyeketi. Mtu anayelala hahesabu. Saa tisa za kukunja magoti, huku dereva akishindana na lori kwenye kona za Timboroa, ni ndefu kuliko saa kumi na mbili za kunyoosha mwili. Muulize kukhu, ambaye akifika Nairobi hukaa nusu saa steji akisubiri miguu ikubali kusimama.

Mtasema itapata hasara. Sawa. Barabara ya Webuye–Kitale imepata faida ngapi? Hakuna anayeuliza, kwa sababu tumekubali kwamba barabara ni huduma. Treni ya usiku kati ya Hamburg na Stockholm aliyopanda rafiki yangu ilianza Septemba 2022 kwa sababu serikali ya Uswidi iliilipia. Hao ni watu wenye ndege kila saa, na bado wakaona ni muhimu raia alale njiani. Sisi tunaokosa usafiri kila Desemba, nauli ikiruka mara mbili kati ya asubuhi na jioni, ndio tunaambiwa abiria hawapo. Njoo steji tarehe 23 Desemba uwahesabu.

Mtasema meli huzama. Hili halifai kujibiwa kwa haraka. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza baada ya safari ya usiku, na mamia ya watu wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Jeraha lile halijapona hadi leo. Lakini Tanzania haikuligeuza kuwa kisingizio cha kuliacha ziwa. Meli ya Victoria, ile ile ya 1961, ilikarabatiwa ikarudi kazini 2020. Wakaunda na nyingine mpya Mwanza, ya abiria 1,200. Na mwaka 2024 treni yao ya umeme ikaanza kubeba watu kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Majirani zetu walirithi vipande vile vile vya shirika lile lile. Wao waliviokota.

Na sasa tujisute wenyewe kidogo, sisi vijana. Tukipanda treni ya Mombasa, tunapiga picha dirishani, tunaweka na wimbo. Tukirudi nyumbani magharibi tunabanwa kwenye matatu kama ndizi kwenye gunia na tunaita hiyo "hustle". Tumeshabikia mateso mpaka yakawa utambulisho wetu. Mwenzetu akituma picha ya kitanda cha treni kutoka Ulaya tunaandika "siku moja nitafika huko". Kwa nini usiandike "siku moja itafika hapa"? Kwa nini ndoto yako inahitaji viza?

Mimi sidai treni ya umeme wala ya risasi. Nadai kitu kidogo ambacho njia yake tayari ipo. Treni moja ya usiku, Ijumaa, kutoka Nairobi hadi Malaba. Iwe na mabehewa ya vitanda, na nauli ambayo mwalimu anaweza kulipa. Ikifika Leseru alfajiri, igawanyike: nusu iende Kitale, nusu iteremke Webuye na Bungoma. Jumapili jioni irudi. Na yule anayetaka kwenda Mwanza au Port Bell apate meli ya abiria Kisumu, kama zamani. Kama tawi la Kitale halifai kwa abiria, semeni halifai kwa sababu gani na litafaa lini. Kila mbunge, seneta na gavana wa Trans Nzoia na Bungoma anayekuja kuomba kura aulizwe swali moja kabla ya kupewa maikrofoni: treni iko wapi? Asiye na jibu akae chini, wala asitupe leso.

Usiku ule matatu iliondoka saa tatu kasoro. Nilikaa macho hadi saa kumi na moja asubuhi, kukhu aliponipigia kuniambia amefika, lakini bado hajasimama. Wiki iliyofuata, aliporudi, nilimwonyesha zile picha za rafiki yangu. Aliishika simu kwa mikono miwili, akakisogeza kitanda karibu na macho, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni ya wapi?" akaniuliza.

"Ulaya, kukhu."

"Aa-a," akasema, akinirudishia simu. "Hii naijua. Hii ilikuwa inapita hapa."