Bunduki ya kampuni, bunduki ya amana: ni nani hujibu inapolia?

Tangu Januari 1, 2026, Mmarekani anayetaka kumiliki kiwambo cha kupunguza sauti ya bunduki, au bunduki yenye mtutu mfupi, halipi tena kodi ya dola 200 iliyodumu tangu mwaka 1934. Kodi imeondoka, lakini usajili umebaki. Limebaki pia swali ambalo mawakili wa nchi hiyo wamelijadili kwa miaka mingi: silaha inayodhibitiwa iandikwe kwa jina la nani? La mtu binafsi, la kampuni, au la amana ya familia?

Kwa mkaazi wa Itaba, katika milima ya Gitega, au wa mitaa ya Waswahili ya mjini Muyinga, mjadala huo unaweza kuonekana kuwa anasa ya nchi tajiri. Burundi haina soko la viwambo wala mawakili wa amana za silaha. Hata hivyo, kiini cha swali kinaigusa Burundi kwa karibu kuliko inavyodhaniwa: bunduki inapokuwa mali ya taasisi, na si ya mtu mwenye jina na uso, ni nani anayejibu inapotumika vibaya?

Njia mbili za kumiliki

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 ilitungwa katika zama za magenge ya wahalifu wa mijini. Iliweka chini ya usajili wa serikali kuu bunduki za rashasha, bunduki na marisau zenye mtutu uliofupishwa, na viwambo vya sauti. Baadaye, mwaka 1986, daftari la rashasha za raia lilifungwa, na tangu hapo rashasha mpya hazisajiliwi kwa raia wa kawaida.

Sheria hiyo ilimruhusu mmiliki kuwa mtu au chombo cha kisheria, na hapo ndipo njia mbili zilipojitokeza.

Ya kwanza ni kampuni. Kampuni husajiliwa katika jimbo, huwasilisha taarifa kila mwaka, hulipa ada na hufuata taratibu za kodi. Viongozi wake hubadilika bila silaha kubadilisha mmiliki, kwa kuwa mmiliki ni kampuni yenyewe. Utaratibu huu unaifaa biashara ya kweli, kama vile ya ulinzi au mafunzo ya kulenga shabaha. Tatizo huja kampuni inapofungwa au inapofutwa kwa kutolipa ada: silaha haziwezi kuachwa zikining'inia kwa jina la mmiliki aliyekwisha kufa kisheria. Ni lazima zihamishiwe mwingine kwa idhini ya serikali.

Njia ya pili ni amana, ambayo wengine huiita trasti. Mtu huandika hati, akawakabidhi wadhamini mali waisimamie kwa manufaa ya watu aliowataja. Kwa kawaida amana haihitaji taarifa za kila mwaka, na hati yake haiwekwi hadharani kama daftari la makampuni. Faida yake kubwa ni mbili. Kwanza, wadhamini wote waweza kuishika silaha kihalali. Silaha ikisajiliwa kwa jina la mume peke yake, mke anayeichukua na kwenda nayo mahali pasipo mumewe anaweza kujikuta na kosa zito. Pili, mwanzilishi akifariki, hati tayari inaeleza silaha inakwenda kwa nani na ni nani atakayeisimamia hadi imfikie.

Ndiyo maana familia nyingi huelekea kwenye amana, na wafanyabiashara huelekea kwenye kampuni.

Mlango uliozibwa mwaka 2016

Lakini kwa muda mrefu kulikuwa na sababu nyingine, isiyotajwa kwa sauti kubwa. Mtu binafsi aliyeomba silaha ya aina hiyo alitakiwa kupeleka alama za vidole, picha, na saini ya mkuu wa polisi au ofisa mwingine wa usalama wa eneo lake. Kampuni na amana hazikutakiwa kufanya hivyo. Chombo cha kisheria hakina vidole wala sura.

Matokeo yake yalionekana katika takwimu za serikali yenyewe. Mwaka 2000 maombi yaliyotoka kwa amana na kampuni yalikuwa takriban 840. Mwaka 2012 yalizidi 40,000. Haimaanishi kwamba maelfu hayo walikuwa wahalifu. Wengi walikuwa raia wema waliokwepa usumbufu, hasa pale ambapo mkuu wa polisi alikataa kusaini ombi lolote. Hata hivyo, mlango ulikuwa wazi, na mtu asiyestahili angeweza kuupitia akiwa amefichwa na jina la karatasi.

Kanuni mpya, iliyoanza kutumika Julai 13, 2016, iliuziba. Tangu siku hiyo kila mtu mwenye mamlaka juu ya silaha ndani ya amana au kampuni hutakiwa kuwasilisha alama za vidole na picha zake. Saini ya mkuu wa polisi nayo iliondolewa kwa waombaji wote, ikabaki taarifa tu inayopelekwa kwake. Tangu hapo, uchaguzi kati ya amana na kampuni umekuwa suala la urithi, gharama na urahisi, na si njia ya kujificha. Baada ya miongo minane, sheria ilikubali jambo ambalo mwenye busara angelijua mapema: karatasi inaweza kumiliki bunduki, lakini anayeifyatua daima ni mtu.

Wakfu, urithi na sheria ya Burundi

Amana ya namna hiyo ilizaliwa katika mahakama za Uingereza. Sheria ya Burundi, yenye asili ya Ubelgiji, haikukua na desturi hiyo. Lakini wazo lenyewe si geni kwa Waswahili. Wakfu hufanana nayo: mali hufungwa, mutawali huisimamia, na matunda yake huwaendea walengwa. Zanzibar ina kamisheni ya serikali yenye maneno yote mawili katika jina lake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Anayejua kazi ya mutawali anajua pia sharti lake la kwanza: awe mtu anayejulikana, anayeweza kuitwa na kuulizwa.

Nchini Burundi silaha za raia zinatawaliwa na sheria namba 1/14 ya Agosti 28, 2009, kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Raia hawezi kuwa na bunduki bila kibali cha mamlaka. Sheria hiyo ilikuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 na kuziacha bunduki zikiwa zimetapakaa vijijini. Katika mwaka huo huo wa 2009 wananchi walihimizwa kuzisalimisha kwa hiari, na waliofanya hivyo walipata vitu vya matumizi ya nyumbani, vikiwamo baiskeli, vitenge na saruji.

Tatizo la urithi liko wazi zaidi hapa kuliko Marekani. Urithi nchini Burundi bado unaongozwa kwa sehemu kubwa na mila. Baba anapofariki, watoto hugawana shamba na ng'ombe mbele ya wazee, na mgogoro ukizuka hupelekwa kwa washauri wa mlimani au mahakamani. Bunduki si ng'ombe. Kibali hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa, na uchunguzi huo haurithishwi pamoja na chuma. Mtoto anayeikuta bunduki ya marehemu darini na kuihifadhi kama kumbukumbu ya baba amekwisha kuingia katika hatari, hata kama nia yake ni njema. Njia salama ni kuitolea taarifa kwa mamlaka mapema, kabla ya wageni wa msiba kutawanyika na kabla ya jirani kuijua.

Mlinzi, kampuni na ghala

Katika ukanda huu, bunduki iliyoandikwa kwa jina la chombo huonekana zaidi mlangoni mwa benki kuliko katika nyumba ya familia. Nchini Uganda na Tanzania, walinzi wa kampuni binafsi wenye bunduki ni jambo la kawaida. Silaha ni ya kampuni. Mlinzi huichukua anapoanza zamu na huirudisha anapomaliza. Nchini Kenya walinzi wa kampuni kwa kawaida hawabebi bunduki, na msafara wa fedha husindikizwa na polisi. Nchini Burundi, zamu wa usiku mara nyingi hutegemea rungu, tochi na filimbi.

Kila nchi imejaribu kuziba pengo kwa namna yake. Tanzania ilitunga sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015, na mwaka 2023 iliwapa wananchi miezi ya Septemba na Oktoba kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali. Kenya iliwataka raia wenye leseni za bunduki wahakikiwe upya, zoezi lililotangazwa Desemba 2018. Nchini Uganda, baada ya mfululizo wa mauaji ya watu mashuhuri, Rais Yoweri Museveni aliagiza mwaka 2018 kwamba bunduki zote zichukuliwe alama zake za kipekee, ili risasi ikiokotwa mahali pa tukio iweze kuunganishwa na bunduki iliyoifyatua.

Hatua ya Uganda ina mantiki, lakini ni nusu ya safari. Alama za bunduki hueleza ni silaha ipi, na rejista ya kampuni hueleza ni mali ya nani. Nani aliishika saa tisa za usiku siku ya tukio? Jibu hilo linapatikana mahali pamoja tu: katika daftari la ghala, penye jina la mlinzi, namba ya bunduki, idadi ya risasi, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Daftari hilo likijazwa ovyo, kampuni itasema bunduki ilikuwa kwa mlinzi, mlinzi atasema alimwachia mwenzake, na familia ya aliyeuawa itabaki ikizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Itaba na mmiliki mkubwa kuliko wote

Hakuna chombo kinachomiliki silaha nyingi kuliko dola. Na hakuna mahali panapokumbusha uzito wa jambo hilo kuliko Itaba.

Septemba 9, 2002, katika operesheni ya kijeshi dhidi ya waasi, zaidi ya raia 170 waliuawa Itaba, wakiwamo wanawake na watoto. Mashirika ya haki za binadamu yaliyaandika mauaji hayo, na jeshi la wakati huo hatimaye lilikiri kwamba raia waliuawa. Maofisa wawili walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 2003 walitiwa hatiani kwa kutofuata amri, si kwa mauaji, wakaachiwa baada ya miezi michache tu kizuizini.

Bunduki zile hazikuwa za magendo. Zilikuwa za taasisi halali. Swali la mmiliki lilikuwa na jibu tangu mwanzo. Lililokosekana ni jibu la kutosha kwa swali la pili: ni nani aliyetoa amri, ni nani aliyefyatua, na kwa nini roho za watu zaidi ya 170 zilipimwa kwa mizani ya utovu wa nidhamu?

Miaka miwili baadaye, Aprili 21, 2004, Burundi ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo haikuishia kwa raia. Inazitaka serikali pia kuweka orodha za silaha za vyombo vyao vya usalama, kuzitia alama na kuhakikisha kwamba kila moja inaweza kufuatiliwa. Ni kukiri kwamba taasisi, hata ikiwa dola, haiachiwi bunduki kwa sababu tu ni taasisi.

Jina nyuma ya jina

Mjadala wa Marekani kuhusu amana na kampuni una funzo moja linaloweza kuvuka bahari. Aina ya chombo si jambo la kwanza. Amana inaweza kuwa salama au kichaka, kampuni vilevile, na jeshi vilevile. Kinachotenganisha hali hizo ni kama nyuma ya jina la chombo kuna majina ya watu waliochunguzwa, wanaojulikana, na wanaoweza kuitwa kujibu.

Kwa watunga sheria wa Burundi, hilo lina maana ya mambo matatu. Kampuni yoyote itakayoruhusiwa kumiliki silaha itaje kwa jina watu wenye mamlaka juu yake, na orodha hiyo ihuishwe kila anapoondoka mmoja na kuingia mwingine. Daftari la ghala likaguliwe bila taarifa ya awali, kwa kuwa daftari linalosubiri mkaguzi hujazwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Na kibali cha mtu kieleze tangu mwanzo silaha itakabidhiwa wapi siku atakapofariki, ili mjane na yatima wasirithi kosa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia mali ya biashara. Bunduki bila daftari haipotei kimya namna hiyo: habari zake hurudi, na huko Itaba kuna familia ambazo tangu mwaka 2002 zinaishi na habari za namna hiyo.