Taa Huioni, Nyufa Ndio Zinasema: Vile Webb Inasaka Mwanga Uliotoroka

Stima ikipotea Mji wa Kale, tembea Ndia Kuu utaelewa hii stori. Milango ni mbao nzito za kuchongwa, taa ya ndani huioni. Lakini kuna nyumba mwanga unachungulia kwa nyufa. Sasa fikiria kichochoro kimejaa moshi, hata huo haukufikii. Utajuaje nani anavujisha? Itabidi ukague milango.

Hiyo ndio kazi wasee wa nyota wanang'ang'ana nayo sai. Baada ya mlipuko mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, anga ilipoa ikajaa haidrojeni kama ukungu. Miaka kama bilioni moja baadaye, ukungu hakuna. Nani aliuchoma? Mshukiwa mkuu ni nyota changa za galaksi za mwanzo, na ule mwanga wao wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 91.2, unaong'oa elektroni kwa haidrojeni. Shida ni kwamba ukungu ulimeza mwanga huo huo njiani. Ushahidi umeliwa na marehemu, maze.

Kwa hivyo wakaanza na majirani. Mwaka wa 2022 timu iliyotumia darubini ya Hubble ilitoa matokeo ya galaksi 66 za karibu, ambako mwanga na nyufa vyote vinaonekana. 35 zilikuwa zinavujisha. Wakapata dalili: galaksi ndogo iliyobanana, rangi ya buluu sana (vumbi ni kidogo), na oksijeni iliyopoteza elektroni mbili ikiizidi mbali ile iliyopoteza moja. Dalili tamu zaidi ni mwanga wa haidrojeni wa nanomita 121.6. Ukija na vilele viwili vilivyokaribiana, jua gesi ina matundu. Lakini huko mbali ukungu unaharibu hata hiyo, so Webb inabaki kutegemea rangi na oksijeni.

Hapo ndio noma. 2024 Julian Muñoz na wenzake walipiga hesabu: ukiamini dalili zote kwa galaksi za Webb, ukungu ungeisha mapema kuliko ushahidi mwingine unavyosema. Mimi nalaumu dalili. Ufa unaweza kuwa umeelekea kwa jirani wala si kwako, na galaksi mbili zinazofanana moja inavuja, nyingine imebana kabisa.

Na usidhani Pwani tuko nje. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kusaka eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. NASA wakaiita Uhuru, juu ilikuwa sikukuu yetu. Ilisaidia kuonyesha Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na leo mashimo meusi ndio mshukiwa wa pili wa ule ukungu. Roketi ya mwisho pale iliruka 1988. Mimi nimesoma Pwani mpaka nikaacha chuo, na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia. Niliipata kwa simu, nikiwa barazani na kahawa chungu.